Picha Bila Jina: Karne Mbili za Wavujajasho Mbele ya Kamera

Watu wa kwanza kuonekana ndani ya picha ya kamera, kwa kadiri historia inavyojua, walikuwa wawili: mng'arisha viatu na mteja wake. Ilikuwa Paris, mwaka 1838. Louis Daguerre alikuwa ameielekeza kamera yake nje ya dirisha, chini kwenye Boulevard du Temple, mtaa uliojaa magari ya farasi na wapita njia. Kamera ya siku zile ilihitaji dakika kadhaa kuunasa mwanga, kwa hiyo kila aliyekuwa akitembea alifutika na barabara ikatoka tupu. Wakabaki hao wawili kwenye kona, kwa sababu mmoja alikuwa amesimama na kuinua mguu, na mwenzake ameinama yuko kazini. Majina yao hayakuandikwa popote.

Kadiri ninavyoisoma historia ya picha za wafanyakazi, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba jambo hilo la majina ndilo kiini chake. Tunasifu mwanga, tunasifu jicho la mpiga picha, tunasifu ujasiri wake wa kuingia migodini. Lakini picha ya mvujajasho hupata nguvu ya kudai haki pale inapofuatana na maandishi ya kweli: huyu ni nani, anafanya kazi gani, analipwa nini, saa ngapi kwa siku. Pasipo hayo, mtu hugeuzwa pambo la ukutani kwa wengine.

Mwanzoni kamera ilikuwa chombo cha wenye nacho. Daguerre alipotangaza uvumbuzi wake mwaka 1839, waliokimbilia kupigwa picha walikuwa matajiri na wenye vyeo. Hata hivyo, haikupita muda mrefu kabla ya watu wa kazi kuingia. Kuanzia mwaka 1843, David Octavius Hill na Robert Adamson walikwenda Newhaven, kijiji cha wavuvi karibu na Edinburgh huko Uskoti, wakawapiga picha wavuvi na wake zao, wanawake waliobeba vikapu vya samaki mgongoni na kupanda navyo mjini kwenda kuuza. Baadhi yao tunawajua kwa majina hadi leo, na ukiwatazama unaona watu wanaojiheshimu, hawaombi huruma ya mtu.

Mwaka 1877, John Thomson na mwandishi Adolphe Smith walitoa kazi yao juu ya maisha ya mitaani London. Humo yumo mwanamke amejikunyata kwenye ngazi za mawe, amepakata mtoto mchanga. Mtoto si wake. Mama wa mtoto amekwenda kibaruani, na malipo ya mlezi ni kikombe cha chai na kipande cha mkate. Hayo yote hayaonekani kwenye picha. Yaliandikwa pembeni, na ndiyo yanayokuumiza.

Kisha akaja Jacob Riis, Mdenmaki aliyehamia Marekani mwaka 1870 na kuonja mwenyewe kulala njaa na kulala katika vyumba vya polisi vya watu wasio na makazi. Alipokuwa mwandishi wa habari za polisi New York, alivamia vibanda vya Mulberry Bend usiku kwa baruti ya flashi, unga uliolipuka kwa mwanga mkali na uliowahi kuwasha moto nyumba alizoingia. Kitabu chake cha mwaka 1890 kiliwashtua matajiri wa mji, na kilimgusa Theodore Roosevelt, ambaye baadaye alipokuwa mkuu wa bodi ya polisi alivifunga vile vyumba vibovu vya kulala. Matokeo hayo ni makubwa. Lakini watu wa Riis mara nyingi wana macho ya kushtuka, kwa sababu walikuwa wamelala alipowalipulia mwanga, na maandishi yake yamejaa dharau dhidi ya Wataliano, Wachina na Wayahudi. Aliwatetea watu ambao hakuwaheshimu kikamilifu, na picha zinaonyesha hivyo.

Aliyeiweka kazi hii kwenye msingi wake, kwa maoni yangu, ni Lewis Hine. Alikuwa mwalimu wa shule New York, mtu mpole, aliyezaliwa Wisconsin mwaka 1874. Mwaka 1908 alianza kazi rasmi katika Kamati ya Taifa ya Ajira za Watoto. Sensa ya Marekani ya mwaka 1900 ilikuwa imehesabu zaidi ya watoto 1,700,000 wa miaka 10 hadi 15 walioajiriwa mashambani, migodini, na katika viwanda vya nyuzi na vya vioo. Wenye viwanda hawakutaka kamera getini kwao. Basi Hine alijifanya muuza Biblia, siku nyingine muuza kadi za posta, siku nyingine mkaguzi wa zimamoto au mtu aliyetumwa kupiga picha mashine. Alipomwambia mtoto asimame kando ya mashine ili ukubwa wa mashine uonekane, nyapara hakuona ubaya.

Alikuwa na mbinu moja ambayo naiona ina thamani kuliko lenzi yoyote. Alijua kila kifungo cha kizibao chake kiko umbali gani kutoka sakafuni, hivyo mtoto akisimama mbele yake alijua kimo chake bila kutoa futi. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni, umeshika penseli na kijidaftari, ukiandika gizani: jina, umri, kimo, muda kazini, mshahara. Novemba 1908, katika kiwanda cha pamba cha Lancaster, South Carolina, alimpiga picha binti mdogo akiwa ameshika mashine ya kusokota inayokwenda mbali mpaka mwisho wa jengo. Maelezo yake ni mafupi: kimo chake inchi 48, yuko kazini nusu mwaka. Inchi 48 ni kama sentimita 122. Hakuna hotuba ingeweza kuzidi namba hiyo, na mwenye kiwanda hakuweza kusema picha ni ya uongo wakati mtoto ana jina, mahali na tarehe.

Huko Pittston, Pennsylvania, Januari 1911, aliwapiga picha wavulana waliokaa kwa safu juu ya mifereji ya makaa ya mawe, wakichambua mawe kwa mikono huku vumbi likiwaziba pumzi. Picha kama hizo zilichapishwa magazetini, zikabandikwa kwenye mabango, zikaonyeshwa mikutanoni. Mwaka 1916 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia biashara ya bidhaa zilizotengenezwa kwa jasho la watoto. Mwaka 1918 Mahakama ya Juu ikaifuta. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1938 ndipo sheria ya kudumu ikapatikana. Hine aliishi kuiona, lakini alifariki miaka miwili baadaye akiwa fukara, nyumba yake imechukuliwa na wadai. Zaidi ya picha zake 5,000 za watoto zimehifadhiwa leo katika Maktaba ya Bunge mjini Washington.

Wakati Hine akijiandaa, Afrika nayo ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi wake. Mei 1904, katika misheni ya Baringa, nchini Kongo iliyokuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mwanamume mmoja alifika barazani amebeba kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo. Askari wa kampuni ya mpira walikuwa wameshambulia kijiji kwa sababu utomvu uliopelekwa haukufikia kiwango. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimwomba akae, akampiga picha. Anaonekana kwa ubavu, ameinamisha uso, anatazama kilichobaki cha mwanawe sakafuni. Tunajua anaitwa Nsala, wa kijiji cha Wala. Picha hiyo na nyingine za Harris zilizungushwa Uingereza na Marekani katika mihadhara ya taa za kuonyeshea picha, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo. Kazi ya kulazimishwa haikuisha siku hiyo, lakini mfalme hakuweza tena kukana.

Huku kwetu pwani kamera ilikuwa kazini pia, ila kwa bwana mwingine. Reli ya Uganda ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901 kutoka Mombasa hadi Kisumu, na wafanyakazi wa mkataba zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Picha za ujenzi huo zipo nyingi, zinaonyesha madaraja, vichwa vya treni, maofisa wamevaa kofia ngumu. Vibarua wako nyuma, wadogo, mara nyingi wakitumika tu kuonyesha ukubwa wa daraja. Mpiga picha alilipwa na reli, naye aliipiga picha reli.

Ulaya, katika miaka ya 1920, wafanyakazi walianza kuuliza kwa nini wao wenyewe wasishike kamera. Ujerumani kulikuwa na vyama vya wafanyakazi wapiga picha, na kuanzia mwaka 1926 vilikuwa na jarida lao. Hitler alipochukua madaraka mwaka 1933 yote hayo yalizimwa. Enzi hizo hizo August Sander alikuwa akizunguka Cologne na vijiji vyake akijenga sajili ya Wajerumani wa kila tabaka. Saidia fundi wake wa mwaka 1928, kijana aliyebeba ubao wenye matofali mabegani na kukutazama usoni bila kupepesa, anasimama kama mwenye nyumba na si kama anayejenga nyumba ya mwingine. Wanazi waliharibu bamba za kuchapia kitabu chake mwaka 1936. Sander, hata hivyo, alimwandika kijana yule kwa kazi yake tu. Ni moja ya picha ninazozipenda kuliko zote, na kila nikiitazama nasikitika kwamba siwezi kumwita.

Tufike sasa California, Machi 1936. Serikali ya Roosevelt wa pili, Franklin, ilikuwa imeunda kitengo chini ya Roy Stryker cha kupiga picha za wakulima na vibarua walioangamizwa na ukame na mdororo wa uchumi. Dorothea Lange, mpiga picha aliyechechemea tangu utotoni kwa sababu ya polio, alikuwa anarudi nyumbani baada ya safari ndefu. Alipita kibao cha kambi ya wachuma njegere karibu na Nipomo, akaenda mbele maili kadhaa, kisha akageuza gari. Mazao yalikuwa yameharibiwa na baridi na vibarua hawakuwa na kazi. Ndani ya hema alimkuta mama wa miaka 32 na watoto wake. Alimpiga picha akiwa ameshika shavu, watoto wawili wamemlalia mabegani wakificha nyuso, kichanga mapajani. Hakumuuliza jina.

Picha ilitoka gazetini San Francisco na serikali ikapeleka kambini chakula cha takriban tani 9. Kwa mujibu wa familia yake, mama huyo alikuwa amekwisha kuhama kwenda kutafuta kibarua kingine. Uso wake ulienea duniani. Ukawekwa kwenye vitabu vya shule, majumba ya makumbusho, baadaye hata kwenye stempu. Mwaka 1978, miaka 42 baada ya siku ile, mwandishi wa gazeti alimkuta katika nyumba ya kuhamishika mjini Modesto. Aliitwa Florence Owens Thompson. Alizaliwa Oklahoma, na kwa nasaba alikuwa wa taifa la Cherokee, jambo ambalo waliomchukua kama mfano wa mama wa Kizungu wa Marekani hawakuwahi kulijua. Alisema alitamani asingepigwa picha ile. Hakupata hata senti, wala nakala.

Ni haki kusema pia kwamba Lange hakutajirika nayo, kwani picha ilikuwa mali ya umma. Lakini nakala moja iliuzwa mnadani mwaka 1998 kwa dola 244,500. Florence alipougua saratani na kupata kiharusi mwaka 1983, watoto wake walilazimika kuomba michango ya matibabu, na watu waliokua wakiiona picha hiyo walichanga zaidi ya dola 35,000. Alifariki mwaka huo huo. Naamini kabisa kwamba picha ile iliwasaidia maelfu ya vibarua. Naamini pia kwamba Florence alidhulumiwa. Sioni sababu ya kulifuta mojawapo ili lingine likae vizuri.

Katika kitengo hicho hicho alikuwamo kijana Mweusi, Gordon Parks, aliyewahi kuwa mhudumu wa treni na aliyenunua kamera yake ya kwanza katika duka la rehani. Alipofika Washington mwaka 1942, Stryker alimtuma mjini bila kamera, akale, anunue koti, aende sinema. Alifukuzwa kote. Aliporudi na hasira, Stryker alimwelekeza kwa mwanamke aliyekuwa akideki ofisi zile zile za serikali. Aliitwa Ella Watson. Parks alikaa naye akamsikiliza: baba yake aliuawa na kundi la Wazungu, mume wake alipigwa risasi, anawalea wajukuu kwa mshahara wa dola 1,080 kwa mwaka. Kisha akamsimamisha mbele ya bendera ya Marekani, ufagio mkono mmoja, dekio upande wa pili. Hakuishia hapo. Alimfuata nyumbani, kanisani, mezani kwa chakula. Ndiyo maana tunamjua Ella Watson kama mtu mwenye mtaa na familia, wala si kama alama ya kitu.

Ulimwengu haukuwa na shukrani kwa kazi ya namna hii. Photo League ya New York, chama kilichozihifadhi picha za Hine baada ya kifo chake, kiliingizwa mwaka 1947 katika orodha ya serikali ya vyama vinavyoshukiwa ukomunisti, na mwaka 1951 kikafa.

Afrika Kusini ilikuwa hatari zaidi. Mpiga picha Ernest Cole alizaliwa mwaka 1940 karibu na Pretoria. Alijifunza kazi katika jarida la Drum, akajisomea kwa posta, kisha akafanya jambo ambalo linamchoma msomaji kila likisimuliwa: alibadili jina lake la ukoo, Kole, akanyoosha nywele, akaenda mbele ya maofisa wa ubaguzi na kuandikishwa kama chotara. Hadhi hiyo mpya ilimpa uhuru kidogo wa kutembea, na alitumia kila tone lake. Aliingia kambi za migodi na kamera ameificha kwenye mfuko wa karatasi pamoja na mkate wake.

Picha moja aliyotoka nayo ni safu ya wanaume walioajiriwa mgodini, uchi wa mnyama, wameugeukia ukuta, mikono juu, wakisubiri kupimwa afya. Mizigo yao iko sakafuni. Wengi wa watu kama hao walitoka nchi jirani: Msumbiji, Lesotho, Nyasaland. Vijana wa Nyanda za Juu Kusini za Tanganyika nao walikwenda huko, hadi Tanganyika huru iliposimamisha uandikishaji huo. Babu zetu wamesimama kwenye safu kama ile, na waliporudi wengi walisimulia habari za redio na mabati waliyoleta, wakanyamaza juu ya ukuta ule.

Cole alitoroka mwaka 1966, na kitabu chake, House of Bondage, kilitoka New York mwaka uliofuata, kikapigwa marufuku kwao. Ugenini ulimvunja. Kuna vipindi alilala nje, na alifariki Februari 1990, siku chache baada ya Mandela kutoka gerezani. Mwaka 2017 negativu zake zipatazo 60,000 zilijitokeza katika benki moja Stockholm.

Uingereza ya viwanda vilivyofungwa ilikuwa na Tish Murtha, mtoto wa tatu kati ya kumi, aliyelelewa mtaa wa makabwela wa Elswick, Newcastle. Mwaka 1981 alionyesha picha zake za vijana wasio na ajira, wakiwamo ndugu na majirani zake, na mjadala wake ulifika hadi bungeni London. Nayo Brazil ilikuwa na Sebastião Salgado, mchumi aliyeijua Afrika Mashariki kupitia kazi ya shirika la kahawa kabla ya kushika kamera kwa dhati. Alipiga picha za chai ya Rwanda na za mgodi wa dhahabu wa Serra Pelada, ambako makumi ya maelfu ya watu walipanda ngazi na magunia ya udongo mabegani. Uzuri wa picha zake hauna mfano. Lakini mwaka 2003 Susan Sontag aliandika kwamba kitabu chake cha wahamaji hakiwataji watu wake kwa majina, huku maarufu wakitajwa daima. Ni hoja ninayoiunga mkono, pamoja na heshima yote ninayompa Salgado, aliyetuaga Mei 2025.

Mjini Lubumbashi, ambako Kiswahili ni lugha ya mgodini na ya sokoni, Sammy Baloji alitoa mwaka 2006 mfululizo wa picha aliouita Mémoire. Alichukua picha za kale za vibarua wa Union Minière, waliosimamishwa kwa mstari mbele ya kamera ya kampuni, akawakata na kuwaweka ndani ya picha zake mwenyewe za mitambo ya Gécamines, mrithi wa kampuni hiyo, iliyooza kwa kutu. Kampuni iliyowapiga picha ilikuwa inahesabu mali yake. Mjukuu wa mji anawarudisha mahali walipotoa jasho, wasimame hapo na kudai.

Na tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza nje kidogo ya Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua washonaji nguo zaidi ya 1,100. Usiku wa manane, Taslima Akhter alipiga picha ya mwanamke na mwanamume waliokufa wamekumbatiana chini ya kifusi. Alijaribu kujua ni akina nani, akakosa. Hakuridhika na sifa za dunia. Aliongoza kazi ya kukusanya picha, majina na habari za waliokufa hadi zikawa kitabu, familia baada ya familia. Hine angemtambua mwenzake.

Leo kila kibarua ana kamera mfukoni, na wapiga picha wetu wa Dar, Nairobi na Goma wanakwenda kwa wachimbaji wadogo, mama lishe na bodaboda kila siku. Kwao ombi langu ni dogo: ukimpiga mtu picha, muulize jina, uliandike sawasawa, uulize ujira wake, na umpelekee nakala uliyomwahidi. Wahariri, acheni kuchapa maelezo ya "wananchi wakiendelea na shughuli zao". Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna picha ya babu aliyekuwa manamba kwenye mkonge wa Tanga, ya shangazi aliyefanya kazi kiwanda cha Urafiki, au ya baba aliyekuwa kuli bandarini Mombasa, ipeleke kwa wazee wakiwa bado wanakumbuka. Igeuze, na kwa penseli laini, maana wino huvujia upande wa pili, andika nyuma yake majina ya wote walio ndani, kazi yao, mahali na mwaka.